Chakula cha usiku wa kuamkia harusi, bila pombe

Dada, unaogopa wageni wa bara watanuna wakifika Tanga wakute hakuna bia usiku wa kuamkia harusi? Waambie mapema kwenye mwaliko, mstari mmoja tu, bila kuomba radhi. Kinachokera ni kushtukizwa mezani.

Halafu vinywaji viwe na hadhi yake. Soda peke yake ni kama umewaita kwenye kipaimara. Loweka ukwaju tangu asubuhi, uchuje, tia sukari na tangawizi ya kutwanga. Barafu iwe ya dakika ya mwisho, isije ikawa majimaji. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu, yakamuliwe palepale watu wakiona. Madafu yakatwe mlangoni. Mtu akishashika dafu lake hakumbuki chupa.

Baada ya pilau ndipo ilete kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kashata au halua. Hapo wazee ndipo wanapoanza visa vya bwana harusi alipokuwa mtoto. Kwenye harusi ya mdogo wangu tulisahau kashata, shangazi ananisema mpaka leo.

Na muanze baada ya swala ya Isha, la sivyo nusu ya viti vitakuwa vitupu.