Bodi ya gemu ya zamani mezani kwako: pima kwanza, choma baadaye

Fundi unayeanza, bodi ya mashine ya gemu za sarafu ya miaka ya 1980 haifanani na bodi ya simu uliyoizoea. Ni kubwa, chipu zake mara nyingine zinapita mia, lakini karibu zote unaziona kwa macho, namba zake zinasomeka, na kila mguu unafikika kwa ncha ya mita. Uzuri wake ni huo: inapimika. Bodi nyingi zinazoishia jalalani hazikuuawa na uzee. Ziliuawa na mtu aliyeng'oa chipu kabla ya kujua ipi ni mbovu, akabandua njia za shaba, na hitilafu moja ikazaa nyingine tatu. Kwa hiyo solda iwe kitu cha mwisho kugusa bodi.

Ikifika mezani, usiiwashe. Vumbi letu la Dodoma ni jepesi na linapenya hadi chini ya chipu. Msimu wa mvua linanyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo kidogo kati ya miguu iliyokaribiana. Litoe kwa brashi laini ya rangi ya inchi 1, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii. Bodi iliyochakaa kwa uchafu unaweza kuiosha kwa maji na sabuni ya vyombo, betri ikiwa imeshatolewa (soma kwanza aya ya betri hapa chini), ila suuza ya mwisho isiwe ya maji ya kisima, kwa sababu visima vingi vya huku vina chumvi na chumvi hiyo itabaki juu ya bodi. Tumia maji ya betri ya gari, yale yasiyo na tindikali. Soma chupa mara mbili, maana maji makali ya betri yanauzwa rafu hiyohiyo na yataiharibu bodi. Kausha kivulini penye upepo mpaka kesho yake. Usianike juani: chipu za kumbukumbu zenye kidirisha cha kioo juu hufutika kwa mwanga wa urujuanimno, na jua la moja kwa moja linaweza kuzifuta ndani ya wiki moja hivi. Kidirisha kikiwa wazi, kifunike leo hii kwa karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga.

Sasa betri. Bodi nyingine zina betri ya nikeli ya volti 3.6 yenye umbo la pipa. Ikivuja hutoa alkali inayoacha ukungu wa kijani na kula njia na soketi zilizo karibu. Itoe, paka siki nyeupe kwa mswaki wa zamani, acha dakika chache, suuza, malizia na alkoholi. Lakini angalia kwanza bodi ni ya aina gani. Kwenye CPS-2 ya Capcom, na kwenye baadhi ya bodi za Sega zenye chipu ya FD1094, betri inashikilia ufunguo wa kufungulia programu. Ukiichomoa, ufunguo unapotea na gemu haiwaki tena. Hizo ziache kama zilivyo mpaka ujue namna ya kubadilisha betri bila umeme wa chipu kukatika, au namna ya kuirudishia bodi uhai baada ya ufunguo kupotea.

Usifanyie kazi hii ndani ya kabati la mashine. Kioo cha picha cha zamani kina umeme unaofikia volti 20,000 au zaidi, na hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Toa bodi, iweke mezani, itengenezee pawa saplai yake.

Umeme ndio sehemu yenye makosa mengi, basi tukae hapo kidogo. Kama mashine imekuja nzima kutoka Marekani au Japani, soma kibandiko cha transfoma yake: cha Marekani ni volti 110 au 120, cha Japani ni 100. Ukutani kwetu kuna 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, huna bodi tena. Kwa mezani inatosha pawa saplai ya mashine za gemu yenye kirungu cha kurekebisha volti, au ya kompyuta: waya mwekundu ni volti 5, wa njano ni 12, mweusi ni graundi, na wa kijani unaunganishwa na mweusi ili iwake. Pawa saplai za kompyuta za miaka ya karibuni hazitoi tena volti 5 hasi, na bodi za zamani zenye ramu (chipu za kumbukumbu ya muda) za 4116 haziwezi kuishi bila hizo. Zikikosa volti 5 hasi huku 12 zipo, zinaungua.

Bodi zilizofuata utaratibu wa JAMMA, yaani mpangilio wa pamoja wa nyaya za mashine za gemu, zina kiungio cha pini 56, yaani 28 kila upande. Pini 1 na 2 na wenzao A na B ni graundi. 3 na 4, na C na D, ni volti 5. 5 na E ni volti 5 hasi. 6 na F ni volti 12. Ya 7 na H ni pengo la kuzuia kugeuza. Kizuizi cha pengo hilo kikiwa kimevunjika, mtu anachomeka kinyume. Graundi inaangukia graundi, kwa kuwa pini 27 na 28 nazo ni graundi, kwa hiyo hakuna moshi wala cheche na mtu anadhani amepona. Lakini pini ya 6 imeangukia ya 23, njia ya kitufe cha pili, na volti 12 zimeingia kwenye chipu ya kupokea vitufe ambayo haivumilii zaidi ya 5. Gemu ikiwaka vizuri ila kitufe cha pili hakijibu au kimejishikilia, anza kwa kuuliza kama iliwahi kuchomekwa kinyume.

Kabla ya kuchomeka, pima omu kati ya laini ya volti 5 na graundi. Bodi nzima husoma makumi au mamia ya omu. Ukipata 0 hadi 2, kuna shoti, na mara nyingi mkosaji ni kapasita ya tantalamu, ile ndogo yenye umbo la tone. Kumtafuta bila kung'oa kila kitu, chukua pawa saplai yenye kidhibiti cha ampea, weka volti 1 na ampea 2 kwenye laini ya volti 5, kisha pulizia alkoholi juu ya bodi. Panapokauka kwanza ndipo penye shoti. Volti 1 ni ndogo mno kuumiza chipu nzima, kwa hiyo huna cha kuhofia.

Bodi ikiwa imewashwa, usipime volti 5 kwenye pawa saplai. Pima kwenye miguu ya chipu iliyo mbali kabisa na kiungio. Familia ya 74LS, chipu ndogo za lojiki zilizojaa kwenye bodi hizi, inataka kati ya 4.75 na 5.25, wewe lenga 5.0 hadi 5.05. Ukikuta 5.1 kwenye pawa saplai na 4.6 kwenye chipu, kiungio kimeshika kutu au waya ni mwembamba. Usipandishe kirungu kufidia. Safisha meno ya kiungio kwa ufutio wa penseli na alkoholi, kisha pima tena. Na umeme wa nyumbani ukikatika, zima swichi ya mezani palepale, kwa sababu unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo.

Volti zikiwa sawa na picha haipo, au kuna takataka zilizoganda kwenye kioo, nenda kwenye chipu kuu. Kwa Z80, ambayo utaikuta kwenye bodi nyingi sana ikiwemo Pac-Man ya 1980, miguu ya kujua kwa kichwa ni minne: 11 ni volti 5, 29 ni graundi, 6 ni mapigo ya saa, 26 ni wa kuanzisha upya. Kwa 68000 ya miguu 64: 14 na 49 ni volti 5, 16 na 53 graundi, 15 saa, 18 kuanzisha upya, 17 kusimamisha. Mapigo ya saa huwezi kuyathibitisha kwa mita ya kawaida; itakuonyesha wastani tu, kama volti 2, na ukadhani mambo ni mema. Tafuta probu ya lojiki, ile ya taa tatu za juu, chini na mapigo. Haina bei kubwa, na kwa maoni yetu ndiyo ya kununuliwa kabla ya osiloskopu.

Mguu wa 26 wa Z80 unapaswa kuwa chini kwa muda mfupi bodi inapowashwa, kisha ukae juu. Ukiona unashuka na kupanda bila kukoma, huo ni mlinzi wa bodi: kihesabio kinachoanzisha chipu upya kila programu inaposhindwa kukigusa kwa wakati. Mlinzi hana kosa. Anakuambia programu imepotea njia, na sababu mara nyingi iko kwenye romu (chipu zinazotunza programu), ramu au njia za kati yao.

Hapo pima laini za anwani na data moja baada ya nyingine. Anwani za Z80 ziko miguu 30 hadi 40, kisha 1 hadi 5. Data ziko 7 hadi 10 na 12 hadi 15. Kila moja inapaswa kupiga. Iliyokaa juu au chini tu wakati wenzake wanapiga ni ya kushukiwa, na mbaya zaidi ni inayoelea kwenye volti 1.2 hadi 1.8, yaani si chini wala si juu: chini ni 0.8 kushuka, juu ni 2 kupanda. Ifuate mpaka ufike kwenye 74LS244 au 74LS245 inayoipitisha. Kama ingizo linapiga, miguu ya kuruhusu iko chini inapotakiwa, na toleo limeelea, umempata. Kwa chipu nyingi za 74LS, volti 5 ziko mguu wa mwisho na graundi iko mguu wa mwisho wa upande wa kwanza: 14 na 7, 16 na 8, 20 na 10. Ila 74LS90 na 74LS93 zina volti 5 kwenye mguu wa 5 na graundi kwenye wa 10. Wanaoanza wengi wamezitangaza mbovu kwa kutolijua hili.

Picha yenyewe inasema mengi kama gemu inaendesha. Rangi moja imekosekana kote: fuata pini 12 ya nyekundu, N ya kijani au 13 ya bluu kurudi kwenye rezista zake. Maandishi safi lakini mandhari ya nyuma imevurugika: romu za mandhari au soketi zake. Wahusika wana mistari ya wima: ramu ya wahusika. Sauti hakuna na picha ipo: angalia volti 12 kwanza.

Romu zilizo kwenye soketi zing'oe na kuzirudisha kabla ya kitu kingine chochote, kwa kifaa chembamba, ukiinua ncha moja kidogo na nyingine kidogo. Miguu iliyogeuka nyeusi isugue kwa ufutio. Kisha zisome kwenye programa, kifaa cha kusoma na kuandika romu, na ulinganishe alama ya CRC, namba ya kuhakiki yaliyomo, na ile iliyorekodiwa kwenye MAME, programu ya kuchezea gemu hizi kwenye kompyuta, ambayo ina alama za romu za matoleo mengi ya gemu. Kusoma kunahitaji volti 5 tu, lakini kuandika 2716 za zamani kunahitaji 25, na programa nyingi za bei nafuu hazifiki huko. Ulizia kabla ya kununua.

Ramu unayoishuku, kama 2114 au 6116, unaweza kuipandishia nzima ya aina ileile mgongoni, miguu ikigusana, ukiangalia alama ya mwanzo imeelekea upande mmoja. Picha ikibadilika, umepata dalili. Isipobadilika usihitimishe kitu, kwa sababu chipu iliyojishikilia juu au chini itaishinda ile ya mgongoni.

Sasa, na ni sasa tu, solda. Kata miguu yote ya chipu mbovu karibu na mwili wake kwa mkasi mdogo, toa mwili, kisha chomoa mguu mmoja mmoja kwa nyuzi 330 hadi 350, ukiwa umeongeza solda mpya ya 60/40 kidogo kwanza. Chipu imekufa, isikusikitishe. Bodi ndiyo unayoilinda. Miguu ya graundi inanyonya joto, ipe sekunde mbili zaidi, wala usivute kwa nguvu. Safisha matundu kwa utepe wa shaba, weka soketi, kisha pima kwa mlio kila mguu hadi unakokwenda na uhakikishe jirani hawalii pamoja. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, chaji ya mwili inaua ramu na romu bila wewe kuhisi: vaa mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye graundi, na usifanye kazi juu ya zulia la nailoni.

Vipuri: chipu za 74LS hazipatikani kirahisi madukani mjini hapa. Agiza Kariakoo zije kwa basi au treni, au zichune kwenye kadi za kompyuta na mashine za fotokopi za zamani. Agiza 5 ukihitaji 2, na ufute maandishi ya juu kwa asetoni: yakitoka mara moja na chini yake pana namba nyingine, umeuziwa chipu iliyobadilishwa jina.

Ikiwaka, isirudi kwenye kabati siku hiyohiyo. Iache ijicheze yenyewe saa 3, ikiwezekana mchana wa Oktoba au Novemba joto likiwa kali, ukigonga bodi kwa mpini wa bisibisi wa plastiki kila baada ya muda. Solda iliyopasuka hujitaja kwa kugongwa huko. Kisha andika kwenye karatasi volti uliyoiacha, chipu ulizobadilisha na mahali zilipo kwenye bodi, na uibandike ndani ya mlango wa kabati kwa ajili ya fundi atakayeufungua baada yako.