Mtoto kuchanganya mraba na pembetatu

Dada, umesema mwanao wa miaka minne anachanganya mraba na pembetatu kila ukimwonyesha chati. Iweke chati kando, mpe vitu ashike. Kata vijiti vya chelewa vilingane urefu, kisha aviunganishe kwenye pembe kwa vidonge vya udongo wa mfinyanzi: vitatu pembetatu, vinne mraba. Sasa asukume pembe kwa kidole. Mraba utalala upande, pembetatu itagoma kabisa. Hapo tofauti ataiona mwenyewe, na atataka kurudia tena na tena. Duara ni rahisi, akandamize kizibo cha soda kwenye udongo. Ila pembetatu uwe unaigeuza, hata kichwa chini, asije akadhani ikigeuzwa inakuwa umbo lingine.