Chaja ya ampea 40 kwa betri nne za boti: inatosha?

SWALI: Fundi, salaam aleikum na pole na kazi. Nina boti ya fiba ya futi 26, naiweka nchi kavu Kunduchi juu ya trela. Siku za kawaida napeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, wikiendi nakodisha kwa wavuvi wa mshipi. Ina betri nne za volti 12: moja ya maji ya kuwashia mashine, ampea-saa 90, moja AGM (betri ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya 100 kwa taa, redio, GPS na kifaa cha kutafutia samaki, na AGM mbili za 100 zilizofungwa mfululizo kutoa volti 24 za mota ndogo ya umeme ya omoni. Mpaka sasa nachaji moja moja kwa chaja ya gereji, usiku naamka kuhamisha klipu. Kariakoo nimeoneshwa chaja ya boti ya njia nne, imeandikwa ampea 40, na muuzaji anasema kila betri itapata ampea 40. Jirani yangu anasema natupa hela: niunganishe betri zote chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, niweke chaja moja kubwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Nianze na jirani, kwa sababu ushauri wake ndio unaoweza kukuunguzia boti. Betri zako mbili za mota zimefungwa mfululizo, yaani chanya ya ile ya kwanza imeshikana na hasi ya ile ya pili. Ukija juu ya hapo ukafunga chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, chanya na hasi za betri ileile zimeshakutana. Hiyo ni shoti. AGM ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea papo hapo, na waya unakuwa mwekundu kabla hujaiona spana ilipo. Hata ukiziacha hizo mbili kando, ukaunganisha ya maji na ile AGM ya matumizi usiku kucha, chaja inasoma volti moja ya pamoja na haijui ipi imejaa na ipi bado. Ukisahau kuzitenganisha asubuhi, taa na redio vitakula mpaka betri ya stata, nawe uko nyuma ya Mbudya na wageni kumi.

Muuzaji hakudanganya sana, ila hiyo ampea 40 kwa kila betri haipo. Kwenye boksi la njia nne, "40" inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza: njia nne za ampea 10 kila moja, jumla 40. Ya pili: ampea 40 za kugawana, ambapo betri iliyoishiwa zaidi inavuta zaidi na nyingine zinapata kilichobaki. Soma kibandiko cha nyuma, si picha ya mbele ya boksi. Kama kimeandikwa ampea kwa kila njia, umejua unanunua nini.

Wala usiitamani 40 kwa kila betri. Betri ya maji hupewa mkondo wa kama asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake. Ya kwako ya 90 inataka ampea 9 hadi 18. Zaidi ya hapo inapata joto, inachemsha maji na kutoa gesi ya haidrojeni kwa wingi. AGM inavumilia mkondo mkubwa kidogo, lakini kwa kazi yako ampea 10 zinatosha. Tupige hesabu. Umerudi jioni, AGM ya matumizi imetumika nusu, imepungua ampea-saa 50. Ongeza kama asilimia 15 zinazopotea njiani, unahitaji karibu 58. Kwa ampea 10 hiyo ni saa sita hivi. Kisha kuna hatua ya kujazia, ambapo chaja inashikilia volti na mkondo unapungua polepole. Ipe saa tatu. Ukichomeka saa kumi na mbili jioni, saa tisa usiku kazi imekwisha, na wavuvi wanakuja saa kumi na moja alfajiri.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo linaloamua ununue ipi. Njia hizo nne zimetenganishwa kabisa ndani, au hasi zake zote zimeunganishwa? Kwa nje chaja zote mbili zinafanana: boksi moja, nyaya nane, klipu nyekundu na nyeusi. Kwa boti yenye betri za volti 12 tupu zisizofungwa mfululizo, hasi ya pamoja haina shida, kwa kuwa hasi zote za botini zimeshakutana tayari. Kwako ni balaa. Hasi ya njia ya tatu itakaa kwenye hasi ya betri ya kwanza ya mota, na hasi ya njia ya nne itakaa kwenye hasi ya betri ya pili, ambayo ndiyo chanya ya ile ya kwanza. Kama ndani ya chaja hasi hizo ni moja, umerudi kwenye shoti ya jirani, safari hii kupitia nyaya nyembamba za chaja.

Kulipima ni rahisi, na muuzaji mwenye nia njema hatakukataza. Nenda na mita yako. Chaja isiwe kwenye umeme wala kwenye betri. Weka mita kwenye alama ya mlio, ile ya kutafutia waya uliokatika. Gusa klipu nyeusi ya njia ya kwanza na klipu nyeusi ya njia ya pili, halafu ya tatu, halafu ya nne, kisha ya pili na ya tatu, ya pili na ya nne, na ya tatu na ya nne. Ikilia, hasi zimeunganishwa; irudishe kwenye rafu. Rudia kwa nyekundu kwa nyekundu. Zote zikikaa kimya, una chaja ambayo kila njia inajitegemea, na hata betri mbili za volti 24 zitachajiwa kila moja kivyake bila kufungua waya wa katikati. Hapo kuna faida ya ziada: betri zilizo kwenye mfululizo hazichoki sawasawa, na chaja moja ya volti 24 hulisha zote mbili kwa pamoja, ile dhaifu ikabaki nyuma kila siku. Kila moja ikiwa na njia yake, zinajaa sawa.

Cha kuangalia baada ya hapo ni kama kila njia inaweza kuwekewa aina yake ya betri. Wewe una ya maji moja na AGM tatu. Kwa joto la nyuzi 25, AGM nyingi hujaziwa kwa volti 14.4 hadi 14.7, kisha zinashikiliwa kwenye 13.5 hivi. Betri ya maji inakubali volti za AGM bila ugomvi, kwa hiyo ukikosa chaja ya kuchagua njia kwa njia, weka zote kwenye AGM. Usichokubali ni chaja inayojiamulia yenyewe kufanya usafishaji wa volti 15.5 na zaidi kwenye njia zote. Hiyo ni dawa ya betri ya maji pekee. AGM imefungwa, maji yakishatoka kwenye vali huwezi kuyarudisha. Siku ukihamia lithiamu, mpangilio wake ni mwingine kabisa, na chaja isiyo na alama ya lithiamu usiijaribu.

Joto la Dar nalo usilisahau. Volti hizo zimeandikwa kwa nyuzi 25. Januari hadi Machi hapa hewa yenyewe inapita nyuzi 30, na ndani ya boksi la fiba lililofungwa nimekuta betri zikiwa nyuzi 40. Betri ya risasi ya volti 12 inataka kupunguziwa kama milivolti 24 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 15 zaidi ni volti 0.36, kwa hiyo 14.6 inatakiwa ishuke mpaka 14.24 hivi. Chaja isiyojua joto itaendelea kuisukuma AGM yako, itakauka, na utakuja kulaumu betri kuwa feki. Tafuta yenye kihisi cha joto, hasa kile cha waya kinachobandikwa ubavuni mwa betri. Kihisi kilichomo ndani ya boksi la chaja ni bora kuliko kukosa, ila kinapima joto la chaja.

Nyaya. Chaja nyingi za boti huja na nyaya fupi, na hapo ndipo watu wanapoziunga kwa waya wa soketi ya nyumba, ule wa milimita za mraba 2.5. Betri zako za mota ziko omoni. Chaja ukiiweka nyuma, tuseme mita nne, mkondo unatembea mita nane kwenda na kurudi. Kwa ampea 10, waya wa 2.5 unakula zaidi ya nusu volti. Chaja inadhani imefika 14.6, betrini kuna 14.0, nayo inawahi kuhamia hatua inayofuata. Tumia waya wa 6 au 10, wa nyuzinyuzi nyingi, wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye chumvi inageuka kijani ndani ya ganda bila wewe kuona. Kama nyaya za chaja hazina fyuzi, weka ya ampea 15 kwenye chanya ya kila njia, karibu na kichwa cha betri, isizidi sentimita 18. Fyuzi iwe upande wa betri, kwa sababu betri ndiyo yenye nguvu ya kuunguza.

Mahali pa kuifunga: mashine zako ni za petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa na kulala ngamani. Usifunge chaja kwenye chumba cha tangi wala cha mashine, labda iwe imethibitishwa kwa sehemu hizo kuwa haitoi cheche. Ifunge juu, pakavu, penye hewa, isiwe juu ya betri moja kwa moja. Namba ya kinga dhidi ya vumbi na maji, IP67, ni nzuri kwa boti ya wazi kama yako.

Kuhusu umeme wa ukutani, njia nne za ampea 10 zitavuta kama wati 680, ampea 3 tu za Tanesco. Hakikisha kibandiko kinasema inapokea volti 230, kwa kuwa chaja nyingi zilizotumika zinazoingia kutoka Marekani ni za 120 peke yake, na hizo zinakufa dakika ya kwanza. Usitegemee jenereta ya kVA 1 kuziendesha njia zote kwa mpigo. Na waya wa kuvuta umeme mpaka kwenye trela upitie kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30, usiwe na viungo vya selotepu kwenye mchanga wenye maji.

Mimi kwa boti yako nisingechukua boksi moja la njia nne, hata likifaulu kipimo cha mita. Ningechukua mawili ya njia mbili, ampea 10 kila njia, yaliyotenganishwa: moja nyuma kwa stata na matumizi, jingine karibu na omo kwa zile mbili za mota. Nyaya zinakuwa fupi, na siku boksi moja likifa mkesha wa safari, la pili litahamishwa. Bei inaweza kupanda kidogo, lakini waya mnene wa mita nane nao si wa bure.

Ukishafunga, chaji usiku mmoja, chomoa, zima kila kitu, ziache betri zitulie saa kadhaa, kisha pima kila moja peke yake kwenye vichwa vyake. AGM iliyojaa inasoma 12.8 au zaidi kidogo, ya maji kama 12.6 au 12.7. Ikitokea moja inasoma chini ya 12.4 wakati wenzake wako sawa, badilishanisha njia usiku unaofuata. Upungufu ukiifuata betri, ipeleke ikapimwe kwa mzigo. Ukibaki kwenye njia, rudisha chaja dukani pamoja na risiti.