Insulini bila friji, na njia zimefungwa

SWALI: Tuko Goma. Mdogo wangu wa kike ana miaka 13, ana kisukari, anachoma uniti 30 za insulini kwa siku. Tumepata chupa tatu kwa taabu, lakini friji hatuna. Majirani wanasema insulini iliyopata joto ni sumu na mama anataka kuzitupa. Kaka yetu naye ana vyuma mguuni baada ya kupigwa risasi, anaogopa kurudi hospitali. Tufanye nini?

JIBU: Dada, mwambie mama asitupe hata chupa moja. Insulini iliyopata joto haigeuki sumu. Hupungua nguvu, tena polepole kuliko watu wanavyodhani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilichunguza jambo hili kwa kufuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya. Matokeo yao ya 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki 4 katika joto la kupanda na kushuka, kati ya nyuzi 25 na 37, ilibaki na nguvu zake. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake haliikaribii Dadaab. Kinachoua insulini haraka ni kuganda, jua la moja kwa moja na kuwekwa karibu na jiko.

Chupa ya mililita 10 huwa na uniti 1,000, kwa hiyo moja itamtosha mwezi mmoja hivi. Anayoitumia ikae nyumbani, mahali penye kivuli. Mbili zilizobaki, mwombeni muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu aziweke kwenye friji. Vituo vingi vina friji ya chanjo inayotumia umeme wa jua. Akikataa, zifungeni ndani ya mfuko usiopitisha maji, mziweke kwenye chungu kilichokaa ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa. Baada ya wiki 4 nje ya friji, mpimeni sukari mara nyingi zaidi. Insulini angavu ikiwa na ukungu, au ile yenye rangi ya maziwa ikishika madonge hata baada ya kuviringishwa viganjani, itafutiwe mbadala siku hiyohiyo.

Chakula kikikosekana, dozi hupunguzwa kwa maelekezo ya mhudumu, kwa simu ikibidi, lakini insulini haiachwi kabisa. Mtoto wa umri huu akiikosa siku moja au mbili tu anaweza kufa. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu au kutoa harufu kama ya matunda mdomoni, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Najua kwa nini mmefika hapa. Tangu mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki pia, kwa hiyo hata mwenye akiba alikosa pa kuitoa. Na vita inapopamba, misaada hukimbilia majeruhi kwanza. Mwenye kisukari, presha au figo huambiwa asubiri, na ugonjwa wake hausubiri.

Hofu ya kaka yako ina msingi. Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba usiku wa tarehe 28 Februari 2025 wanaume wasiopungua 130, wagonjwa na majeruhi, walichukuliwa na M23 kutoka hospitali za CBCA Ndosho na Heal Africa. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda kila majeruhi, hata aliyekuwa mpiganaji, na kitendo kile kilinisikitisha sana. Hata hivyo vyuma haviwezi kuachwa bila uangalizi. Wasilianeni kwanza na Msalaba Mwekundu wawaambie ni wapi panafikika kwa usalama, na kaka atembee na karatasi zake za matibabu. Kwa sasa aoshe mikono kwa sabuni, kisha asafishe kila siku pale chuma kinapoingia kwenye ngozi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na asilegeze skrubu yoyote. Akiona usaha, homa au chuma kinacheza, asingoje tarehe aliyopewa.