Mwanangu, funga mlango, ila ujue unaufunga kwa nini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumaini mgongo umepoa kidogo na unakumbuka kuinuka kitini kati ya mteja na mteja. Ujumbe wako nimeusoma mara kadhaa. Umeniuliza hivi, "Mama, nikitoa jarida la wachora tatoo wa kazi peke yao, mtu wa kawaida asiweze hata kulinunua, si nitakuwa najikatia riziki mwenyewe?" Unajua miaka yangu mingi imeishia kwenye majarida ya fani, mara nahariri mara nauza matangazo, kwa hiyo nakujibu kama mama na kama mtu wa hiyo kazi: hapana, hujikatii riziki, kufunga mlango ndiyo biashara yenyewe. Ila watu wengi wanafunga kwa sababu mbaya, na hapo ndipo nataka tuongee vizuri.

Jarida la tatoo la kuuziwa kila mtu linauza picha, na picha sasa hivi kila mtu anazo kwenye simu, bure, usiku na mchana, mpya kila dakika. Huwezi kushindana na hilo na usijaribu. Kitu ambacho simu haiwapi wachoraji ni sehemu ya kusema kilichoharibika. Fikiria mwenyewe, mchoraji anaposti kazi iliyotoka vizuri tu, nani atapandisha picha ya laini iliyovimba na kutawanya wino kwenye ngozi ya mbavu, au rangi iliyotoka yote na gamba, au mteja aliyerudi na vipele, wakati wateja wake wote wanamfuata hukohuko? Hawezi, atakosa kazi. Lakini mbele ya wenzake, mahali ambapo mteja hayupo, atasema sindano ilikuwa ipi, mashine ilikuwa inakimbia kiasi gani, aliivuta ngozi vipi, na mwingine atajibu mimi pia ilinipata nikafanya hivi. Hiyo ndiyo bidhaa yako mwanangu. Mlango unafungwa ili watu waweze kusema ukweli, siyo ili wajione wakubwa.

Na usidhani nabuni, fani yenu imekua hivyohivyo. Mashine ya umeme Samuel O'Reilly aliipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, New York mwaka 1891 akifuata wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison, na baada ya hapo kwa miaka na miaka wachoraji walikuwa wanaficha kila kitu, rangi wanachanganya wenyewe, namna ya kupanga sindano hawamwambii mtu. Halafu angalia nani aliisogeza mbele. Norman Collins, yule wa Honolulu mnayemwita Sailor Jerry, alikuwa anaandikiana barua na wachoraji wenzake, mpaka Japani na mchoraji wa huko aitwaye Horihide, wanapeana michoro na maarifa ya rangi, na kupitia njia hiyohiyo mchoraji wa Marekani Don Ed Hardy alienda Japani mwaka 1973 kufanya kazi kwa Horihide. Barua za watu wachache wanaoaminiana, basi. Wewe unataka kuchapa barua ile ile kwa watu wengi zaidi, na ukilikumbuka hilo kila unapopanga kurasa hutapotea.

Sasa kuna jambo moja lazima tukubaliane mapema maana hapa nitakuwa mkali. Habari za afya usizifungie. Zile zifungue kwa kila mtu, hata kwa yule kijana anayechorea rafiki zake chumbani na mashine aliyoagiza mtandaoni, hata kama wachoraji wako watakasirika wakuambie unawafundisha watu wasio wa kazi hii. Yule kijana hataacha kwa sababu wewe umemnyima ukurasa, atachora tu, na damu inayomwagika siyo yake, ni ya mtoto wa mtu. Mbinu za kazi, bei, malalamiko, majaribio ya mashine, hizo ndani. Usafi, wino mbovu uliorudishwa, maambukizi, hizo nje kwa wote, ziweke mtandaoni bure siku hiyohiyo unayozipata usisubiri toleo.

Nikupe mfano ambao ningeupa ukurasa wa kwanza kabisa. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 huko Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata vipele visivyoisha kwenye tatoo, na walipochunguza ikaonekana ni kijidudu kinaitwa Mycobacterium chelonae, na wote walikuwa wamechorwa na wino wa kijivu uliochanganywa tayari na mtengenezaji. Kijidudu kilikutwa mpaka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Umeona? Uchafu ulikuja na chupa, mchoraji angeweza kuvaa glovu kumi na kufuta kiti mara mia na isingesaidia kitu. Na kuna wachoraji mpaka leo wanaozimua wino mweusi kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudi maji, wakidhani ni safi, wakati kukenekwa siyo kuuliwa vijidudu, ni vitu viwili tofauti, maji ya kuzimulia yanatakiwa yawe tasa, yasiyo na kijidudu hata kimoja, na chupa ikishafunguliwa isikae wiki nzima kwenye rafu. Habari ile iliandikwa kwenye majarida ya madaktari. Mchoraji anayetoka kazini saa nne usiku angeipata wapi? Kwako, ndio nataka aipate kwako, kwa maneno ya kazi yake, na mwisho wa habari ajue kesho asubuhi abadilishe nini mezani kwake.

Sheria pia, manake huko kila sehemu ina lake na watu wanaumia kwa kutojua. Umoja wa Ulaya ulianza kubana kemikali za wino tarehe 4 Januari 2022, maelfu ya kemikali kwa mpigo, halafu rangi mbili za msingi, bluu 15:3 na kijani 7 (hizo namba ni majina yake ya kiwandani), zikaongezewa muda mpaka Januari 2023. Wachoraji walibaki na rafu nzima ya chupa hawajui ipi iende taka ipi ibaki, na wino mpya ulipokuja wengi wakawa wanauliza mbona hauingii kama ule wa zamani. Hizo kurasa ni za kwako, na siyo sheria tu kama ilivyoandikwa, bali wino mpya kwenye ngozi halisi, umepona ukaonekana vipi.

Na hapo kwenye kupona ndipo penye kitu ambacho naomba ukishikilie kuliko vyote. Usichapishe picha ya tatoo iliyotoka kuchorwa muda huohuo kama ushahidi wa kitu chochote. Ngozi imevimba, imewaka nyekundu, imepakwa mafuta inang'aa, weusi unaonekana mweusi kuliko utakavyokuwa, kila mashine inaonekana nzuri na kila wino unaonekana mkali. Ngozi ya juu inafunga ndani ya wiki mbili tatu hivi, huko chini inachukua miezi, na wino unaobaki mwingi umekaa ndani ya seli za kinga zilizoumeza, watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya mwaka 2018 kwamba seli hizo zikifa zinauachia wino na seli mpya zinaudaka. Kwa hiyo dai picha ya leo na picha ya miezi baadaye, mwanga uleule. Na dai ngozi za kila rangi! Picha nyingi za mfano zinazozunguka ni za ngozi nyeupe, afu mchoraji anapokaa na mteja mweusi hana pa kuangalia rangi fulani itaonekana vipi ikishapona chini ya ngozi ile, anabaki kubahatisha au anamwambia mteja rangi haiwezekani, na siyo kweli. Hili jambo linaniuma. Ukilifanya vizuri, kila toleo, bila kusubiri mtu akukumbushe, wachoraji watalitunza jarida lako kama kitabu cha kazi. Ongea na mpiga chapa wako kabla, maana vivuli vya ngozi nyeusi vikichapwa vibaya vinagandana vinakuwa doa moja, omba karatasi za majaribio na uzikague mwenyewe juani siyo kwenye kompyuta.

Ndiyo maana nakuambia usiwe wa kila mwezi. Kila miezi mitatu inatosha, kwa sababu jaribio la wino haliwezi kuisha kabla ngozi haijapona, na ukijilazimisha kila mwezi utaanza kujaza kurasa na picha za kuvutia na maneno ya wauzaji, hapo umekwisha. Kusanya habari za matoleo matatu kabla hujatangaza la kwanza. Kurasa ziende kwa mafungu ya 16 maana ndivyo karatasi inavyokunjwa na kukatwa, 48 ni mwanzo mzuri, ukizidisha kurasa mbili za ziada unalipia gharama za bure.

Nani aingie? Umesema utadai leseni. Leseni ni nzuri mahali zilipo, lakini fikiria New York yenyewe, jiji lilipiga marufuku tatoo mwaka 1961 na halikuruhusu tena mpaka 1997, miaka yote hiyo mabingwa walikuwa wanafanya kazi kwa kujificha. Japani mpaka Mahakama ya Juu iliposema mwaka 2020 kwamba kuchora tatoo siyo kazi ya daktari, wachoraji walikuwa wanashtakiwa. Ungedai leseni ungefungia nje walimu wako. Kwa hiyo penye leseni aonyeshe leseni, pasipo leseni adhaminiwe na wachoraji wawili ambao tayari ni wasomaji, pamoja na cheti cha mafunzo ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, hayo mafunzo hata mtandaoni yapo hakuna wa kusema ameyakosa. Wanagenzi waingie kwa jina la fundi wao. Usiwaache nje, hao ndio watakaolipia miaka ishirini ijayo.

Pesa sasa. Wasomaji watakuwa wachache, ndio, usiogope. Muuza sindano, glovu, wino, vitanda na karatasi za stensili, zile za kunakilia mchoro kwenye ngozi, hataki kuonekana na watu laki moja ambao hawatanunua hata katriji moja ya sindano, anataka watu wanaonunua kila wiki. Kwa hiyo orodha yako ya wasomaji iliyohakikiwa ndiyo unayomuuzia, iweke safi, mtu akiacha kazi mtoe. Hakikisha pesa ya wasomaji peke yake inalipa uchapaji na posta, matangazo yalipe vingine vyote, manake siku muuzaji mmoja akikupigia simu kwamba ondoa lile jaribio la mashine yangu ama naliondoa tangazo langu, na atapiga, nakuhakikishia, hiyo simu nimeshaipokea mara nyingi, uweze kumjibu taratibu kwamba basi aliondoe. Mashine za majaribio nunua mwenyewe dukani kama mteja yeyote, usipokee ya zawadi, na ukishaijaribu iuze au igawe kwa mwanagenzi. Anayeuza matangazo asisome majaribio kabla hayajachapwa. Mwanzoni utakuwa wewe mwenyewe pande zote mbili, najua, kwa hiyo tafuta mtu mmoja unayemwamini awe wa matangazo, hata kwa kamisheni tu, kabla hata ya kutafuta mtu wa kupanga kurasa.

Halafu weka kurasa za mwili wa mchoraji, siyo mwili wa mteja. Shingo, kiwiko, vidole kufa ganzi kwa kushika mashine inayotetemeka, macho. Nyinyi mnakunja migongo saa sita saba mfululizo na hakuna anayewaandikia habari hiyo. Mimi naisubiri hiyo kurasa kwa sababu zangu.

Lililobaki gumu ni ule ukurasa wa kazi zilizoharibika, maana kila mtu ataupenda na hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza. Usianze kwa kuomba watu wapya, wataona unawadhalilisha. Mfuate bingwa ambaye jina lake halitikisiki tena, mmoja tu, muombe kazi yake moja iliyomshinda na picha yake ikiwa imepona, aeleze mwenyewe na jina lake liandikwe. Akikubali huyo wengine watakuja. Akikataa nenda kwa mwingine wa kiwango hichohicho, na kama wote wamekataa chelewesha toleo la kwanza mpaka apatikane, nakuomba usilitoe bila ukurasa huo.

Ukipata dami, ile nakala ya mfano ya jarida, nitumie, hata kama haijakamilika, nitaisoma yote na kalamu nyekundu.

Mama yako