Mafunzo ya kudhibiti hasira: niliyoyapitia mimi hapa Mbeya

Mkuu, umeuliza kama mafunzo ya wiki 8 ya kudhibiti hisia yana maana kwa mtu wa miaka 40, au hasira mtu huzaliwa nayo na shemeji anakusumbua bure kukwambia uende. Nakujibu kama mtu aliyekaa kwenye viti hivyo Jumamosi 8 mfululizo pale Uyole.

Nina duka la spea za pikipiki Mwanjelwa. Jioni moja hesabu ilipungua shilingi 80,000, nikampiga kibao kijana wangu wa dukani mbele ya wateja. Hakusema neno. Aliweka funguo juu ya kaunta akaondoka. Usiku nikapekua daftari, nikakuta hela hiyo nilimpa mke wangu asubuhi kwa ajili ya ada ya mtoto, na mwandiko ni wangu. Sikulala. Na pamoja na kutolala huko, wiki 3 zikapita sijaenda kumtafuta yule kijana.

Mafunzoni nilitegemea kufundishwa kunyamaza. Mwezeshaji wetu, muuguzi wa afya ya akili, alitukata kauli siku ya kwanza: ukimeza hasira uso unatulia, mwili unaendelea kuchemka. Akatuchorea ubaoni mpangilio wa mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hisia hupita hatua, na kuna mahali 5 pa kuiwahi: kuchagua kama uende mahali fulani au usiende, kubadili mazingira ukishafika, kupeleka macho na mawazo kwingine, kuitazama hali kwa tafsiri nyingine, na mwisho kabisa kupambana na hisia ikishajaa. Kumeza kupo hapo mwisho, maziwa yameshafurika ndipo unatafuta mfuniko.

Tukapewa kazi ya nyumbani: kila ukikasirika andika saa ngapi, umekula nini, nani alikuwepo. Daftari langu lilinishangaza. Karibu hasira zote zilikuja kati ya saa 12 na saa 1 jioni, wakati wa kufunga hesabu, tumboni nina chai na chapati 2 za asubuhi. Nikahamishia hesabu saa 8 mchana, baada ya kula. Hilo peke yake lilipunguza ugomvi kuliko ahadi zote nilizowahi kumpa mke wangu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni majina. Sisi kila kitu tunakiita hasira. Tuliambiwa tutafute jina lenyewe: ni aibu? Woga? Wivu? Uchungu? Fadhaa? Kinyongo cha jana? Nilipoirudia ile jioni ya kibao niliona wazi kwamba ulikuwa woga. Nilikuwa na rejesho la mkopo wiki ile, na nikaona 80,000 inaondoka na duka lote. Mwezeshaji alitueleza utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa California, uliotoka mwaka 2007: watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine, na walipoitaja hisia kwa jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ilipunguza kelele. Nikamkumbuka bibi yangu Tukuyu. Hakuna tambiko la ukoo lililoanza kwake kabla wenye kinyongo hawajakisema mbele ya wote.

Kuhusu mwili nitasema kifupi. Kupumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, ni mbinu niliyoidharau nikaja kuiheshimu. Kuna pia maji ya baridi usoni, mbinu iliyomo kwenye tiba ya Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani. Uso ukizama kwenye maji baridi huku umebana pumzi, mapigo ya moyo hushuka. Mbeya mwezi wa 7 huna haja ya barafu, bomba linatosha. Mwenye tatizo la moyo amuulize daktari kwanza.

Mama huyo Linehan namheshimu sana. Tiba yake aliitengeneza kwa watu waliokuwa wanataka kujiua, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana aliwahi kulazwa kwa mateso ya namna hiyo. Kwake ndiko ilikotoka mbinu iliyonitoa jasho: hisia ikikusukuma upande usiofaa, tenda kinyume chake. Aibu inakwambia jifiche, basi nenda. Jumamosi ya sita nilitoka darasani nikapanda bajaji hadi Ilomba, nyumbani kwa yule kijana wa dukani. Mama yake ndiye aliyenifungulia. Nikamsalimu, nikamwomba kijana atoke, nikasema mbele ya mama yake kwamba hela ilikuwa kwenye daftari langu na kosa lilikuwa langu. Kijana hakurudi dukani, alishapata kazi kwingine. Mshahara wake uliobaki nilimpa palepale.

Sasa hilo darasa lako. Waulize kama kuna mazoezi ya nyumbani na kama wanayakagua. Wakikwambia ni mihadhara tu, hela yako itunze. Cheti cha mwezeshaji kisikutishe sana. Shirika la Afya Duniani lina programu ya vikao 5 inayoendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri, na ilijaribiwa Nairobi kwa akina mama waliopitia ukatili ikawasaidia. Fanya mazoezi siku ambayo umetulia, maana ukiwa umewaka hukumbuki hata jina la mbinu. Kwetu tulianza 14 tukamaliza 9, na wengi walioacha walikuwa hawaandiki daftari.

Ila kama mkono wako umeshamfikia shemeji au watoto, au kuna usiku unafikiria kujidhuru, usisubiri Jumamosi. Nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, useme hivyohivyo ilivyo. Mafunzo yatafuata.

Mimi bado nakasirika. Wiki iliyopita dereva wa bodaboda alinirudishia taya za breki alizokwisha kuzitumia, anataka hela yake. Nilimwambia anipe dakika 5, nikaenda bombani nyuma ya duka.