Harufu ya ndizi kwenye brandi ya zabibu inatoka wapi

Mkuu, umeuliza kama brandi uliyoonja hapa Dodoma, ile iliyonukia ndizi mbivu, imetiwa ladha ya dukani. Si lazima. Nilifanya kazi misimu minne kwenye maabara ya kiwanda cha mvinyo upande wa Hombolo, na ndizi hiyo nimeinusa kwenye waini ambayo hakuna aliyeitia chochote.

Ndizi ni kazi ya hamira. Ikila sukari ya zabibu haitoi pombe na gesi peke yake, inatoa pia esta, yaani kemikali zenye harufu ya matunda. Asetati ya isoamili ndiyo hiyo ndizi. Waini ikichachuka kwenye ubaridi inabaki nayo nyingi. Tangi likipata joto la mchana wetu, nyingi inapeperuka na gesi.

Kwenye kukeneka, yaani kuchemsha waini na kupoza mvuke wake iwe brandi, ndipo wengi wanapokosea. Esta hiyo ikiwa peke yake huchemka nyuzi 142, ethanoli (pombe yenyewe) nyuzi 78, kwa hiyo ungetegemea itoke mwisho. Inatoka mwanzoni! Haipatani na maji, na chungu kimejaa maji, basi inakimbilia kwenye mvuke. Methanoli, ile pombe yenye sumu, huchemka nyuzi 65 lakini inashikana na maji, hivyo inatoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekwambia amemwaga matone ya kwanza ya gongo na sumu imekwisha, usimwamini kabisa.

Msimu mmoja wa Agosti zabibu zililala kwenye tela, foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Mashada ya chini yakapondeka, vijinzi vikajaa, siki ikaanza. Tulipokeneka, nilisugua matone ya kwanza viganjani: dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni asetati ya ethili, na inachemka nyuzi 77, bega kwa bega na ethanoli. Tulitenga lita baada ya lita na bado ilisikika. Iliniuma, maana mkulima alileta zabibu nzuri; kuchelewa kulikuwa kwetu.

Sasa ijaribu ya kwako. Tia tone kiganjani, sugua, subiri dakika moja. Ndizi itatangulia kuondoka. Chini yake pakibaki waridi (feniliethanoli hiyo, nzito, hutoka kuelekea mwisho) au tunda lililopikwa, hiyo ni zabibu na hamira. Pakibaki ukali wa spiriti tupu, shaka yako ina msingi.